Nafasi Tupu si Sifuri



Katika kurasa hizi za Kiswahili twazoea kusoma juu ya mambo makubwa: faida ya elimu, usafi, heshima kwa wazee, michezo na ushirikiano. Leo naomba niseme juu ya jambo dogo sana, dogo kama kisanduku kimoja katika jedwali la kompyuta. Walakini jambo hili dogo laweza kumfutia mwanafunzi kazi yake ya muhula mzima, au kumpa maksi za mwenziwe, na kwa sababu hiyo naona lafaa kuandikwa.

Zamani mwalimu alikuwa na daftari lake la maksi. Aliyepata 14 aliandikiwa 14. Aliyekosa yote aliandikiwa 0. Asiyekuwapo siku ile alichorewa mstari mfupi, na kila aliyelifungua daftari lile alijua maana yake bila kuuliza. Kwa hiyo daftari lilikuwa na maneno matatu: kiasi fulani, hapana kitu, na hakuwapo. Siku hizi maksi huingizwa katika jedwali la kompyuta, na kutoka hapo huingizwa katika mfumo wa taifa unaosimamiwa na NESA, ofisi ya nchi yetu ya mitihani na ukaguzi wa shule. Kazi imekuwa ya haraka, nasi twafurahi. Lakini naona kwamba katika kuhama kutoka daftari kwenda kompyuta, neno moja katika yale matatu lataka kupotea, nalo ni lile la tatu.

Maoni yangu ni haya. Nafasi tupu katika jedwali ni habari, kama namba ilivyo habari. Mtu anayehamisha maksi kutoka karatasi moja ya jedwali kwenda nyingine imempasa ahamishe zile zilizopo, na penye nafasi tupu apite bila kugusa kitu. Wala asiijaze nafasi hiyo kwa sifuri ili jedwali lipendeze macho.

Tufanye mfano. Darasa lina wanafunzi 45. Siku ya jaribio la hisabati wanafunzi 6 hawakuwapo: mmoja amelazwa hospitalini, mwingine amefiwa, wengine wamekwenda kucheza mpira kwa ajili ya shule. Katika karatasi kubwa ya jedwali mwalimu ameandika maksi za wale 39, na nafasi 6 zimebaki tupu. Baada ya wiki moja wale 6 wafanya jaribio lao peke yao. Mwalimu afungua karatasi ya pili, yenye majina yale yale 45 kwa utaratibu ule ule, aandika maksi za wale 6 mbele ya majina yao, na mbele ya wengine wote haandiki kitu.

Sasa ataka kuzitia maksi hizi katika karatasi kubwa. Aichagua safu yote ya karatasi ya pili, ainakili, aenda katika karatasi kubwa, aibandika. Nini hutokea? Maksi 6 zaingia mahali pake barabara. Maksi 39 zatoweka. Kompyuta haikuuliza neno. Imeambiwa inakili, nayo imenakili, pamoja na utupu wenyewe. Kila nafasi tupu ya karatasi ya pili imekaa juu ya maksi ya karatasi ya kwanza na kuifuta. Kama mwalimu ataona papo hapo, hubonyeza Ctrl na Z na kila kitu hurudi. Kama simu imelia, akahifadhi kazi yake na kufunga kompyuta, basi maksi zile zimekwenda, na kama karatasi za majibu zimekwisha rudishwa kwa wanafunzi, nani atazikusanya tena?

Dawa yake ni ndogo kama jambo lenyewe. Katika programu ya Excel, baada ya kunakili, usibandike kwa njia ya kawaida. Bonyeza Ctrl, Alt na V kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kubandika kwa namna maalumu. Chini kabisa, upande wa kushoto, pana kijisanduku cha kutia alama. Katika kompyuta za Kiingereza kimeandikwa Skip blanks, yaani ruka vilivyo tupu. Tia alama hapo, kisha kubali. Maksi 6 zitaingia, na zile 39 hazitaguswa. Programu ya bure ya LibreOffice nayo ina njia ya namna hiyo. Watu wengi hutumia Excel miaka na miaka bila kukitazama kijisanduku kile, kwa kuwa kipo pembeni na jina lake halielezi sana.

Tena jina lenyewe hudanganya. Wako wanaodhani kwamba ukitia alama hapo, kompyuta itaziondoa nafasi tupu na kuzisogeza maksi zikae karibu karibu, kama watu wanavyosogeana kwenye benchi. Sivyo. Nafasi hubaki pale pale zilipokuwa. Kinachorukwa ni kule kufuta tu. Anayetaka orodha fupi isiyo na mapengo yampasa achuje safu yake kwanza, aache zilizojaa peke yake, ndipo anakili.

Pana hatari nyingine, na hii ni kubwa kuliko ya kwanza. Kuruka vilivyo tupu hufanya kazi kwa mahali, si kwa majina. Mstari wa 12 huenda kwenye mstari wa 12, hata kama katika karatasi moja mstari huo ni wa Uwase na katika nyingine ni wa Habimana. Shule zetu hupenda kupanga wanafunzi kwa nafasi waliyoshika, wa kwanza juu na wa mwisho chini. Kama karatasi kubwa imepangwa hivyo, na karatasi ya pili imepangwa kwa alfabeti, basi maksi za mgonjwa zitamwangukia mtu mzima wa afya, tena zitafuta za kwake. Wala hapataonekana pengo lolote la kumshtua mwalimu mahali hapo, kwani jedwali litakuwa limejaa namba nzuri. Kosa la namna hii huweza kukaa mpaka ripoti zimefika nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kunakili, tazama jina la kwanza, jina la mwisho na jina moja la katikati katika karatasi zote mbili. Dakika moja yatosha.

Wale waliojifunza zaidi watasema kwamba iko njia bora: kumtafuta kila mwanafunzi kwa namba yake, kompyuta yenyewe ivute maksi zake kutoka karatasi ya pili. Ni kweli, nami nawasifu. Lakini njia hiyo nayo ina mtego wake. Ukiandika katika karatasi moja kwamba kisanduku hiki kiwe sawa na kisanduku kile cha karatasi nyingine, na kile ni kitupu, kompyuta haikuletei utupu. Hukuletea 0. Hapo ndipo sifuri nyingi zisizo na mwenyewe huzaliwa. Hakuna mwalimu aliyeziandika, hakuna mwanafunzi aliyezipata, walakini zimo katika jedwali na zahesabiwa. Na ukiiamuru fomula ionyeshe utupu badala ya sifuri, macho yataona utupu lakini kompyuta haitaona hivyo, kwa kuwa ndani ya kisanduku mna fomula. Ukinakili safu ya namna hiyo huku umetia alama ya kuruka vilivyo tupu, visanduku hivyo havitarukwa. Vitafuta maksi kama kawaida. Kwa hiyo safu ya marekebisho na iwe ya maksi zilizoandikwa kwa mkono, na penye utupu pawe patupu kweli.

Je, sifuri moja ina madhara gani? Mwanafunzi amefanya majaribio matatu akapata 60, 70 na 80. La nne hakulifanya kwa sababu ya malaria. Nafasi ikiachwa tupu, kompyuta huijua kuwa si namba, huigawanya jumla kwa 3, na wastani wake ni 70. Nafasi ikijazwa sifuri, jumla ni ile ile 210 lakini hugawanywa kwa 4, na wastani ni 52.5. Kwa ugonjwa wa siku moja mtoto yule ameshuka maksi 17 na nusu. Baba yake atamwuliza kwa nini amekuwa mvivu, naye hatakuwa na la kujibu, maana hata yeye hajui ile sifuri imetoka wapi.

Msidhani hili ni jambo la shule peke yake. Sisi wa Gisenyi twaishi kando ya ziwa Kivu, na twaona kila jioni mitumbwi ya wavuvi wa sambaza ikitoka, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu. Samaki hao hawakuwamo katika ziwa hili tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha watu wengi upande wetu na upande wa Goma. Huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki sana, na mara nyingi wavuvi hubaki nyumbani. Tena uko wakati wa mwaka ambapo uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Basi mwandishi wa chama cha wavuvi aandike nini katika jedwali lake? Usiku ambao mtumbwi ulitoka, ukakesha, ukarudi mikono mitupu, hiyo ni sifuri, na ni sifuri ya kusikitisha. Usiku ambao mtumbwi haukutoka si sifuri. Mtu akijaza sifuri siku zote mtumbwi ulipokuwa umetulia ufukweni, kisha apige wastani, ataamini kwamba ziwa linakwisha samaki. Na akiacha tupu hata zile siku za kurudi mikono mitupu, ataamini kwamba ziwa limejaa. Mzee wa mtumbwini hawezi kukosea katika jambo hili, kwa kuwa alikuwapo. Anayekosea ni yule aliyeketi mbele ya kompyuta.

Mfano mwingine ni wa mvua, nao ni mzito. Nchini Rwanda vituo vya kupima mvua vilikuwa vingi kabla ya mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka ule, vituo vingi vilinyamaza, na kwa muda wa miaka kama 15 vilivyokuwa vikiandika vilikuwa vichache sana. Katika jedwali la mvua miaka hiyo ni safu ndefu za utupu. Mvua ilinyesha, ni watu wa kuipima ambao hawakuwapo. Fikiri kama mtu angezijaza sifuri. Mwanafunzi wa jiografia angesoma kwamba mvua ilikatika katika milima yetu miaka 15, kisha ikarudi. Utupu ule wasema kweli kuliko namba yoyote ambayo angeweza kuitunga.

Wataalamu wa Meteo Rwanda, wakisaidiana na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, hawakutia sifuri. Walichukua makadirio ya satelaiti, wakayalinganisha na vipimo vya vituo vilivyokuwapo, na kwa njia hiyo wakapata picha ya mvua kwa miaka ile. Hayo ni makadirio, nayo hujulikana kuwa ni makadirio. Tuseme kesho lipatikane daftari la zamani la kituo fulani, lenye vipimo vya miezi kadhaa na mapengo kati yake. Lingetiwa namna gani? Penye kipimo cha kweli, kipimo kichukue mahali pa makadirio. Penye pengo, makadirio yabaki. Ni kazi ile ile ya mwalimu wa hisabati na wanafunzi wake 6.

Tena tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika katika wilaya yetu ya Rubavu. Katika nchi nzima watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, na nyumba nyingi zilianguka. Siku kama zile huandikwa orodha: jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, namba ya simu, mahali walipohamia. Orodha ya Jumatano haiwi sawa na ya Ijumaa, kwa maana aliyeandika Ijumaa hakumkuta kila mtu. Ikiwa orodha ya Ijumaa itabandikwa juu ya ile ya Jumatano bila kuruka vilivyo tupu, kila mtu ambaye hakukutwa Ijumaa atapoteza hata namba ya simu aliyoitoa Jumatano. Sisemi kwamba ilitokea. Nasema kwamba njia ya kutokea ni fupi sana, nayo ni kubonyeza Ctrl na V.

Hata wakubwa wa elimu huteleza katika majedwali. Mwaka 2010 maprofesa wawili wa uchumi, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko juu ya madeni ya serikali, na wanasiasa wa nchi nyingi walilitaja. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa chuo cha Massachusetts, jina lake Thomas Herndon, aliliomba jedwali lao, akalifungua, akaona kwamba fomula ya wastani ilikuwa imekomea nchi 15 badala ya 20. Pia miaka fulani ya nchi chache haikutiwa, na uzito wa kila nchi ulihesabiwa kwa njia isiyo ya kawaida. Haya mawili ndiyo yaliyoleta sehemu kubwa ya tofauti. Mahali ambapo maprofesa walipata wastani wa kupungua 0.1 kwa mia, Herndon na waalimu wake walipata kukua 2.2 kwa mia. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, ingawa ametutangulia mbali, na kazi yenyewe alipewa kama zoezi la darasani.

Najua pingamizi moja, nalo lina nguvu. Mtu atasema: ukiacha nafasi tupu, mvivu ataukimbia mtihani asioujua, na wastani wake hautashuka. Ni kweli, wako wenzetu wa namna hiyo, na tumbo lao huuma siku za fizikia tu. Sitaki wapewe zawadi. Lakini sifuri ya mtoro ni hukumu, na hukumu hutolewa na mwalimu aliyemwita mtoto, akamsikiliza, akaona kwamba hana sababu. Mwalimu huyo na aandike 0 kwa mkono wake mwenyewe, nami nitakuwa wa kwanza kusema ametenda haki. Nisichokubali ni sifuri iliyoletwa na mashine kwa mtoro na mgonjwa sawasawa.

Pingamizi la pili ni la nafasi darasani. Mwanafunzi aliyefanya jaribio moja tu akapata 90 atampita yule aliyefanya manne akapata wastani wa 85. Hili nalo lina haki. Basi na iwepo safu moja zaidi, kando ya wastani, yenye idadi ya majaribio yaliyofanywa. Kompyuta huihesabu yenyewe kwa kuhesabu namba na kuacha utupu. Asiyefikisha idadi iliyowekwa apewe wastani wake lakini asipewe nafasi mpaka amalize. Si jambo gumu, wala si la kumwonea mtu.

Waalimu wetu wana kazi nyingi, na mkuu wa masomo hupokea majedwali ya madarasa mengi kwa wiki moja. Siandiki ili kuwalaumu. Naandika kwa sababu naona kazi ya kuchunga nafasi tupu sisi wanafunzi twaweza kusaidia bila kuona maksi ya mtu yeyote. Kabla ya kubandika, na zihesabiwe namba zilizomo katika safu: 39. Zihesabiwe zile za karatasi ya pili: 6. Baada ya kubandika zihesabiwe tena. Zikiwa 45, vema. Zikiwa 6, basi tumejua mapema, na Ctrl na Z bado ipo. Zikiwa 45 siku ambayo wawili bado wamelazwa, hapo pia pana kasoro, kwani mtu ameweka kitu mahali pasipo kitu.

Napendekeza kila darasa liwe na karatasi moja isiyo na maksi, yenye hesabu hizi tu kwa kila somo: wangapi waliopo, wangapi wamefanya, wangapi bado. Kiongozi wa darasa aitie sahihi pamoja na mwalimu, nayo ikae ukutani siku mbili kabla ripoti hazijafungwa, ili kila mmoja apate nafasi ya kusema kama somo lake halimo.